Mgeni wa Tangambili

Mabaharia wa mwambao wetu walikuwa na neno la kipindi ambacho kaskazi imekwisha kuchoka na kusi bado haijajipata: tangambili. Ni siku ambazo upepo hauna mwenyewe, na nahodha hawezi kuapa kesho ataamkia wapi. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yalikuwa yamefunga bandarini, na watu wake wakingoja upepo wa kuwarejesha kwao. Katika kungoja huko walikula tulichokula, wakanyeshewa na mvua iliyotunyeshea, wakazika na kuoza nasi. Hawakuja kututazama. Ugeni wao ulikuwa na kazi, na kazi yao ilikuwa na subira.

Nalikumbuka neno hilo kwa sababu nataka kuuliza swali la adabu ambalo sisi watu wa visiwani linatuhusu kuliko tunavyokiri. Mgeni anayeufikia mji wakati mji haukumtarajia, meza zimekwisha kuondolewa barazani na nusu ya hoteli zimefungwa, ana haki gani? Na anadaiwa nini?

Mji ulionitia katika fikra hizi si wetu. Ni Donostia, ambao Wahispania huuita San Sebastián, katika Nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, kiasi cha kilomita ishirini kutoka mpaka wa Ufaransa. Una wakazi wapatao 188,000, nao umekaa juu ya ghuba yenye umbo la chaza, ndiyo maana ufukwe wake mkuu ukaitwa La Concha. Mlima Urgull umesimama upande mmoja wa ghuba, mlima Igueldo upande wa pili, na kisiwa kidogo cha Santa Clara kimelala kati kama komeo. Mtu mwenye miguu miwili haihitaji gari mle. Kutoka bandari ya zamani, akiufuata ukingo wa ghuba hadi mwisho wa ufukwe wa Ondarreta, atatumia saa moja hivi ya mwendo wa mazungumzo. Huko mwisho atazikuta kucha tatu za chuma alizozipachika majabalini mchongaji Eduardo Chillida, mzaliwa wa mji huo, mwaka 1977, akaziita Kitana cha Upepo. Bahari ikichafuka, pumzi na maji hufoka kutoka vitundu vilivyotobolewa sakafuni, na mtu husikia jabali likihema.

Nilifika huko mwezi wa Januari. Mvua ya mji ule, inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, aghalabu hainyeshi kwa hasira. Ni manyunyu membamba ambayo wenyeji huyaita txirimiri, yasiyomlazimisha mtu kukimbia wala yasiyomwacha mkavu. Bibi vizee walitembea ufukweni na miavuli yao, wakisimama kusalimiana. Waogeleaji wachache, watu wazima wenye nywele nyeupe, waliingia baharini kama waendao msikitini au kanisani, bila ya kutazama nani anawatazama. Maji ya bamvua yalikuwa yameumeza karibu mchanga wote, nasi watu wa Unguja tunaijua bahari ya namna hiyo, inayotoa kiwanja asubuhi na kukipokonya adhuhuri.

Hapo ndipo wasafiri wengi husema neno ambalo nataka tulipime: kwamba nje ya msimu wameuona mji wa kweli. Kauli hii ina utamu wake. Humfanya msemaji ajione bora kuliko maelfu waliokuja Agosti, kana kwamba wao wameonyeshwa pazia na yeye ameonyeshwa nyumba. Lakini je, ni kweli?

Ukiitazama tarehe ya Donostia, utaona kuwa uso wake wa kiangazi si kinyago. Kuta za ngome zilianza kubomolewa mwaka 1863 ili mji upumue. Malkia Maria Cristina alipoufanya makazi yake ya kiangazi, kasri la Miramar likajengwa juu ya ghuba, likakamilika mwaka 1893. Jengo ambalo leo ni ofisi ya baraza la mji lilifunguliwa mwaka 1887 likiwa nyumba ya kamari ya matajiri. Tamasha la filamu limekuwapo tangu mwaka 1953. Kwa ufupi, wageni wameushiriki mji huo kama chumvi inavyoushiriki mchuzi, na huwezi kuichuja chumvi kisha ukasema sasa naonja mchuzi wa kweli. Mji unaopokea wageni haudanganyi unapopokea, kama vile mama wa nyumba hadanganyi anapovaa kanga mpya siku ya Idi. Kanga ile ni yake.

Basi kama ukweli haukufichwa kiangazi, majira ya baridi yanampa mgeni nini? Nadhani yanampa nafasi ya kutokuwa mtu muhimu. Agosti mji unamzunguka yeye: bei, saa za kufungua, lugha ya ubao wa vyakula. Januari mji unazungukia mambo yake, naye anapita pembeni. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na kuku mweupe haonekani sana penye kundi la kuku weupe. Anaonekana pale alipo peke yake, na pale ndipo adabu yake inapopimwa.

Mfano mzuri ni sikukuu ya mji wenyewe. Watu wa Donostia wangeweza kuiweka siku yao kuu katika jua, mbele ya wageni wenye fedha. Siku hiyo ni tarehe 20 Januari, katika kina cha baridi na mvua. Usiku wa manane wa kuamkia siku hiyo bendera hupandishwa katika uwanja wa Katiba, na kwa saa ishirini na nne makundi ya watu waliovaa nguo za wapishi na za askari wa zamani hupita mitaani wakipiga ngoma na mapipa. Baba humbeba mtoto mabegani, mtoto naye ana vijiti vyake. Mgeni anaweza kusimama ukingoni, hakuna atakayemfukuza. Lakini hakuna pia aliyemwandalia. Ngoma ile inapigwa kwa ajili ya wanaoipiga.

Na ndani ya ngoma hiyo mna majivu. Tarehe 31 Agosti 1813 majeshi ya Waingereza na Wareno, washirika wa Hispania, yaliingia mjini kuwaondoa Wafaransa, kisha wakombozi wakauteka nyara mji waliokuja kuukomboa na ukateketea. Zilisalia nyumba chache tu na makanisa mawili. Mtaa wa nyumba zilizonusurika leo unaitwa kwa tarehe hiyo, na kiangazi ni mtaa wa vitafunio, vile vipande vya mkate vilivyochomekwa kijiti ambavyo wenyewe huviita pintxo. Katika mtaa huohuo, Januari 1995, diwani wa mji Gregorio Ordóñez aliuawa kwa risasi akiwa mezani, mkono wa ETA, kundi lililodai uhuru wa Wabaski kwa silaha, likaziweka chini mwaka 2011 na kujivunja mwaka 2018. Mgeni wa Agosti hupita hapo akiwa na sahani mkononi, wala simlaumu. Mgeni wa Januari hupita penye nafasi ya kusikia nyayo zake mwenyewe, na ikiwa amesoma kidogo kabla ya kwenda, atajua kwamba anatembea juu ya huzuni za watu ambao hawajamaliza kuzungumza baina yao. Hapo anadaiwa jambo moja, nalo ni kutouliza kwa pupa. Kuna maswali ambayo mwenyeji humjibu mgeni kwa sababu ya ukarimu, kisha akalala nayo macho usiku kucha.

Kuna pia milango iliyofungwa. Mji una vyama vya mapishi, vyenye jiko na meza ndefu, ambamo wanachama huingia kwa ufunguo wao, hupika wenyewe, hula na kuimba. Mgeni haingii ila kwa kualikwa. Usiku wa mvua harufu ya vitunguu saumu na samaki hutoka chini ya mlango, na kicheko nacho, nawe unapita. Nimejiuliza kama mlango huo ni ubahili au ni staha. Naona ni staha, kwa sababu mji unaouza kila kitu hubaki bila ya chakula cha kumkaribishia rafiki. Hata hivyo tusiutukuze kila mlango uliofungwa. Vyama hivyo kwa miaka mingi vilikuwa vya wanaume peke yao, na vingi vilimzuia mwanamke jikoni hata pale alipoalikwa mezani, ingawa leo vingi vimebadilika. Komeo linalomlinda mwenyeji dhidi ya mtalii ndilo hilohilo linaloweza kumnyima dada yake. Kwa hiyo haki ya kufunga mlango inaanza kuwa haki pale tu wote wa nyumba hiyo wanapokuwa na ufunguo.

Mlango mkubwa kuliko yote ni lugha. Kibaski, ambacho wenyewe hukiita Euskara, hakina ndugu anayejulikana katika lugha zote za dunia. Kitabu chake cha kwanza kilipigwa chapa mwaka 1545, nacho kilikuwa cha mashairi. Kilikandamizwa katika miaka ya udikteta wa Franco, na ilikuwa chini ya udikteta huohuo, mwaka 1968, ndipo wasomi wake walipokubaliana juu ya msingi wa lugha sanifu, kwa ubishi ambao sisi wa Kiunguja, Kimvita na Kiamu hatuhitaji kuelezwa. Baada ya mwaka 1979 kikawa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Katika lugha hiyo Mbaski huitwa euskaldun, yaani mwenye Euskara. Jina la mtu limesimama juu ya ulimi wake. Sisi ambao tumebishana miaka nenda miaka rudi juu ya Mswahili ni nani, tuna la kutafakari hapo.

Nao wana washairi wa papo kwa papo, bertsolari. Msimamizi hutoa mada, mshairi huchagua au hupewa bahari na mahadhi, na baada ya kimya kifupi huimba ubeti uliokamilika vina na mizani. Mafundi wao husema kuwa huanza kuutunga ubeti kutoka mwisho: kituo kwanza, kisha njia ya kukifikia. Mashindano makuu hufanyika kila baada ya miaka michache, na fainali yake hujaza ukumbi kwa maelfu. Mwaka 2009 Maialen Lujanbio alikuwa mwanamke wa kwanza kuvikwa kofia ya ushindi. Mimi, ambaye Kihispania changu nilijifunza kwa kamusi na subira, niliwasikia bila ya kuwaelewa. Nilisikia vina vikianguka mahali pake, nikawaona wasikilizaji wakimalizia mshororo wa mwisho pamoja na mshairi, na maana ikanipita kama jahazi lipitalo usiku. Mfasiri huitambua hali hiyo. Kila mfasiri ni mgeni katika lugha ya mwingine, na kazi yake njema huanza siku anapokubali kwamba nyumba ile ilikuwa na maisha kabla ya yeye kubisha hodi.

Sasa nirudi kwenye deni. Atakuja mtu aseme: mgeni wa nje ya msimu ni neema, analeta riziki katika miezi mikavu. Ni kweli, na wauza vyakula wa Donostia, sawa na wa Nungwi na Paje wakati wa masika, hawatamfukuza. Lakini hoja hiyo ikivutwa hadi mwisho wake inazaa jambo jingine. Miji mingi sasa inataka kuondoa msimu, wageni waje mwaka mzima. Mwaka 2017 wakazi wa Donostia waliandamana kuupinga utalii uliozidi kipimo, wakilalamikia kodi za nyumba na mitaa isiyolalika. Kama Januari nayo ikijaa, na sisi wasifiaji wa Januari ndio tunaoijaza, mji utapumzika lini?

Baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba huifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa. Hakuna anayesema kwamba wavuvi wamewachukia walaji. Kila mmoja anajua kuwa mwamba usiofungwa huisha. Naamini mji nao una haki hiyo, haki ya kuwa na siku ambazo hautazamwi. Serikali inaweza kuilinda haki hiyo kwa sheria za nyumba za kupangisha na idadi ya vitanda, na inapasa ifanye hivyo. Mgeni naye ana sehemu yake.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, siku ya tatu wakampa jembe. Mara nyingi tunaisoma methali hiyo kama dokezo la kumchoka. Mimi naisoma kama heshima. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu. Jembe la mgeni wa leo si zito: kujifunza maamkizi ya watu kabla ya kujifunza majina ya vyakula vyao, kulala penye nyumba ya wageni badala ya kumkodi mwanafunzi chumba chake kwa bei asiyoiweza, kuupita mlango uliofungwa bila ya kinyongo, kuinyamazia huzuni ambayo hakualikwa kuizungumza. Na arudipo kwao, asiwe mwepesi wa kuwaambia wengine kwamba amegundua mji. Mji ulikuwa ukijijua, ukipiga ngoma zake katika manyunyu, na utaendelea.