Kioo, Pazia na Sitara: Dirisha la Bafu Lamhusu Nani?

Katika umurenge wa Butare, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, nyumba haisimami peke yake. (Msomaji asiuchanganye umurenge huu na mji uliokuwa ukiitwa Butare, ambao tangu mwaka 2006 waitwa Huye. Butare tunayoisema ni ya upande wa Cyangugu ya zamani.) Nyumba husimama ubavuni mwa kilima, juu yake pana nyumba nyingine, na chini yake pana nyingine tena. Paa la jirani wa chini huwa sawa na uwanja wa jirani wa juu. Hivyo mtu ajengaye nyumba mpya huku, akiisha kuezeka na kufika kwenye madirisha, hukutana na swali ambalo fundi hawezi kumjibia: dirisha la bafu litiwe kioo gani, na juu ya kioo hicho litundikwe nini? Swali laonekana dogo. Sisi twaona kwamba ndani yake mna jambo la maadili ambalo wengi hulipita bila kulitazama.

Tukianza na maneno, kama ilivyo desturi ya walimu wa lugha, twaona kuwa Kiswahili kimekwisha kulifikiria jambo hili kabla yetu. Neno kioo lina kazi mbili: ni kile kipitishacho mwanga dirishani, na ni kile kirudishacho sura ya ajitazamaye. Dirisha, neno la asili ya Kiajemi, lilikaa pwani, kisha likapanda bara hata Kinyarwanda kikalipokea kuwa idirishya, zamani sana kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Pazia halikubahatika hivyo. Huku wengi husema rido, kwa athari ya Kifaransa. Ama faragha na sitara, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni neno moja, lakini maana zake zapishana. Faragha ni nafasi tupu, mahali asipokuwapo mwingine. Sitara ni kifuniko, na pia ni tendo, kwani mtu humsitiri mwenziwe. Faragha mtu aweza kuwa nayo peke yake katikati ya msitu. Sitara yataka watu wawili.

Wajenzi wa pwani walikuwa na jibu lao. Nyumba kongwe za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zina kuta nene za mawe ya matumbawe na matundu machache sana upande wa njia. Mgeni hupokewa dakani, penye mabaraza. Hata mlango ukifunguliwa jicho lake hugonga ukuta, kwa kuwa njia ya kuingia hupinda kabla ya kufika kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Mwanga hutoka humo kiwandani, misana hufuatana, na mahali pa kuogea pamoja na birika lake la maji huwa huko ndani, mbali na njia. Dirisha la bafu halikumsumbua mtu, maana nyumba yenyewe ilikuwa pazia. Rugo la Kinyarwanda nalo lilikuwa na hekima yake: uzio wa miti hai kama umuyenzi ulizunguka nyumba na uwanja, na aliyefika alisimama nje akabisha. Lakini uzio humzuia apitaye njiani. Haumzuii aliye juu ya kilima.

Jambo hilo la juu na chini ni la kale. Wasomaji wa Biblia wanakikumbuka kisa cha Daudi katika Samweli wa Pili, sura ya 11: mfalme alikuwa akitembea jioni juu ya dari ya nyumba yake, akamwona mwanamke akioga. Yerusalemu nao ni mji wa vilima, na nyumba ya mfalme ilikuwa juu. Tukikisoma kisa kile kwa jicho la fundi, twaweza kusema kwamba mwanamke yule angetundika pazia. Wako wasemao hivyo hata leo, kila mara msichana anapochunguliwa. Lakini Nathani alipotumwa alikwenda kwa mfalme. Hakwenda kwa mwanamke, wala hakuuliza habari za ukuta wake. Qur'ani nayo, katika Suratun-Nur, huwaamrisha wanaume wainamishe macho katika aya ya 30, kabla ya kuwafikia wanawake katika aya ya 31. Na aya ya 27 ya sura hiyohiyo hukataza kuingia nyumba ya mwingine pasipo kutaka idhini na kusalimu. Katiba za nchi zetu, ya Rwanda katika ibara ya 23, ya Tanzania katika ibara ya 16, na ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya 31, zote hulinda faragha ya mtu, wala hazimtaki kwanza athibitishe kwamba alikuwa ametundika pazia.

Je, ajengaye hana wajibu wowote? La hasha. Jirani wa juu hufungua mlango wake alfajiri aende shambani. Hakuchagua kuona lolote. Njia yake yapita pale pale ilipopita siku zote, na nyumba mpya ndiyo iliyomjia. Kuyapa mtihani macho ya mtu kila asubuhi ni kumdhulumu. Kwa hiyo kioo kisichoonesha ni heshima ambayo mwenye nyumba humpa jirani, na kuinamisha macho ni deni ambalo jirani analo kwa mwenye nyumba. Mmoja akikosa kulipa lake, la mwenziwe halifutiki.

Tuje sasa kwenye vioo vyenyewe, kwani nia njema isiyojua kazi ya mwanga haimsitiri mtu. Kanuni ni moja: aliye gizani humwona aliye mwangani. Kile kioo cha giza, ambacho mchana humrudishia apitaye sura yake mwenyewe, usiku hugeuka. Taa ikiwashwa ndani, aliye nje huona yote, na aliye ndani hujiona yeye tu, akadhani yu salama. Pazia jepesi la wavu lina hila hiyohiyo. Nyumba nyingi ziliishi kwa amani na mapazia mepesi zama za koroboi, kwa kuwa mwanga wa koroboi ni haba. Umeme ukiingia, dirisha lilelile huwa jukwaa. Kioo chenye ukungu, yaani kile kilichokwaruzwa uso wake kwa mchanga au kwa asidi, hutawanya miali isiweze kuchora sura, mchana na usiku. Hata hivyo kina udhaifu wa aina mbili. Mtu akisimama karibu nacho sana, na taa ikiwa nyuma yake, kivuli chake huonekana umbo zima. Na uso uliokwaruzwa ukilowa, maji hujaza mikwaruzo ile na kioo huanza kuonesha. Basi uso huo usielekezwe upande wa maji ya kuogea. Vioo vya maua, vilivyopigwa chapa vikiwa moto, havidhuriki kwa maji kiasi hicho. Karatasi ya kubandika ni rahisi kwa bei, ila mvuke hauchelewi kuibandua pembeni.

Bado kuna hewa. Si mbali na huku liko bonde la Bugarama, na Mto Rusizi huko, kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, ni mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda. Joto la huko si la kubeza. Dirisha lililofungwa daima kwa ajili ya haya hulea kuvu ukutani na katika pazia la nguo. Wengine huliinua dirisha karibu na dari wakadhani wamemaliza kazi. Kwenye tambarare wangekuwa wamemaliza; ubavuni mwa kilima wamemfungulia jirani wa juu. Kwetu sisi luva zilizosahauliwa zafaa kukumbukwa. Vipande vyake huinamia nje ili mvua isiingie. Kwa hiyo aliye juu huona mgongo wa kioo, na aliye chini, akiinua macho, huona dari. Luva za kioo chenye ukungu, zikiwa juu ya kimo cha mtu, hupitisha hewa bila kumfunua yeyote.

Yote hayo, walakini, ni ya bafu moja, na nyumba mpya mara nyingi huwa na mabafu mawili au matatu: la wenyewe, la watoto na wageni, na lile la nje, la watumishi au wapangaji. Mwenye nyumba huenda Kamembe, hushika vioo mkononi, huvipima machoni, na fedha humwishia kwenye bafu la pili. La tatu hupata gunia, au kanga iliyochakaa, au mlango wa mbao zilizoachana. Hivyo asiye na uwezo wa kuchagua ndiye aogaye mbele ya macho ya watu. Msichana wa kazi huamka kabla ya jogoo, naye husifiwa kwa bidii, kumbe giza ndilo pazia lake pekee. Wako watakaotutolea methali, mficha uchi hazai. Methali ni ya kweli, nayo yamhusu mtu ajifunuaye kwa mkunga au kwa tabibu, kwa kuwa ameona faida yake. Yule ambaye hakupewa cha kujifunikia hakuchagua kitu.

Hoja ya umaskini hatuipuuzi. Lakini twaona aghalabu kwamba fedha ilikuwapo, ikamalizikia kwenye maua ya kioo cha kwanza. Kioo cha kawaida chenye ukungu kwa mabafu yote ni bora kuliko kioo cha fahari kwa moja, na pale ambapo hata hicho hakipatikani, safu ya matofali ya matundu chini ya paa, pamoja na komeo la ndani, hutosha. Nasi walimu tusijitoe katika hesabu hii. Shule za Rwanda zimekuwa zikitenga chumba cha wasichana, kiitwacho icyumba cy'umukobwa, kwa ajili ya siku zao za hedhi. Kitanda na sabuni hukaguliwa. Dirisha na komeo havikaguliwi sana, ilhali msichana aliyewahi kuchunguliwa mara moja harudi chumbani humo.

Basi kabla fundi hajalipwa fedha ya mwisho, taa iwashwe saa mbili usiku. Mtu mmoja, akiwa amevaa nguo zake, asimame mahali pa kuogea. Mwenye nyumba atoke, asimame njiani, kisha apande hadi uwanja wa jirani wa juu, akiisha kubisha hodi, atazame kutoka huko. Afanye hivyo kwa kila bafu, na aanze na lile la nje.