Aliyepiga Hodi Hapati

Anko alitoka Nyamira 2009 akaenda Nairobi kutafuta maisha. Shamba likabaki. Jirani wa juu alikuja kwa magokoro na kilo mbili za sukari, akaomba kona moja apande nepia ya ng'ombe wake. Akapewa. Jirani wa chini hakuomba mtu. 2010 alisogeza ua mchana kweupe, akapanda mistari sita ya chai, na mpaka leo anachuma.

Sasa anko anataka kuuza, na nimeulizwa mimi sheria inasemaje, eti kwa sababu nilikaa chuo miaka miwili kabla niache. Bas, nikasoma.

Sura ya 22 ya sheria za Kenya inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kumshtaki aliyemwingilia. Ikipita, aliyekaa mfululizo, waziwazi, bila nguvu na bila ruhusa, anaweza kuomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imwandikishe kuwa mwenyewe. Kuandika barua za kulalamika hakusimamishi hiyo saa. Ushtaki, au urudi ulishike shamba lako. Na anko hawezi kulikimbia hilo kwa kuuza, maana dai la wa chini linamfuata mnunuzi.

Bila ruhusa. Hapo ndipo nilikwama. Jirani wa nepia hata akae miaka 40 hapati kitu, kwa sababu aliomba.

Mwaka 2015, kwenye kesi ya Mtana Lewa, Mahakama ya Rufani kule Malindi iliulizwa kama sheria hii haivunji kifungu cha 40 cha Katiba, kinacholinda mali ya mtu. Ikasema haivunji. Sawa, na kusema ukweli sina huruma sana na anko. Huku kwetu ndugu wanagombania hatua tatu za udongo, na yeye ameacha shamba miaka yote hiyo. Lakini mbona anayelipia usingizi wake ni yule mwenye adabu? Wa chini akishinda, anabaki na chai yake. Wa juu, siku shamba likiuzwa, anang'oa nepia aende.

Nimemwambia anko mistari sita aihesabu imeenda, na kona ya juu amuuzie mwenye nepia kwanza, kwa bei anayoiweza. Amesema atafikiria.

Juzi huyo mzee alinisimamisha njiani. "Mwanangu, nimesikia mnauza. Naomba tu mniache nikate hii iliyokomaa."

Nikamwambia nitauliza.