Shemeji, Kadi ya Gari Iko Wapi?

Ukitaka kujua ndugu wanafichana nini, wapakie kwenye gari moja uwavushe mpaka. Ofisa wa mpakani hana undugu na mtu. Lile swali mlilolizunguka nyumbani wiki nzima kwa kuoneana haya, yeye ataliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya wakwe na watoto, huku akitafuta kalamu.

Kisa hiki ni cha familia moja ya Moshi. Wazo lilikuwa la Mama Mkubwa, mwalimu mstaafu. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya mwezi wa sita, kijana wa marehemu mdogo wake alikuwa amekuja mapumziko kutoka Uingereza, na Shemeji, yaani mume wa binti yake, alikuwa na Hiace iliyosimama tu uani. Kwa nini wasizunguke wote? Waingie Kenya kwa Namanga, wapite Nairobi hadi Malaba, washuke Kampala, waingie Rwanda kwa Gatuna, warudi nyumbani kwa Rusumo na Kahama. Nchi nne, gari moja. Rafiki wa familia na mkewe wakajiunga na watoto wao wawili, na mtoto wa jirani akaombewa nafasi. Wakafika tisa.

Kundi la WhatsApp lilifunguliwa siku hiyohiyo. Mjadala mrefu kuliko yote mle ndani ulihusu fulana za sare: ziwe za kijani au za bluu, maandishi yakae mgongoni au kifuani, na Mama Mkubwa ashonewe ya kola kwa kuwa ni mtu mzima. Mchango ukapangwa, mtunza hazina akateuliwa, hata sambusa za njiani zikapata mpishi. Karatasi zilitajwa mara moja tu. Mke wa rafiki, ambaye anafanya kazi kwa wakala wa forodha, aliandika: “Shemeji, kadi ya gari iko wapi? Na bima ya kuvukia umeshakata?” Shemeji akajibu kwa kidole gumba na maneno mawili: “Msijali kabisa.” Kabla mke wa rafiki hajauliza tena, binti wa Mama Mkubwa akampigia pembeni. “Dada, unamhoji mume wangu kama polisi? Mwenzio ametoa gari bure.” Akanyamaza. Nani angeendelea baada ya hapo?

Na swali lake halikuwa la uchokozi. Gari la binafsi likivuka mpaka, forodha wana wasiwasi mmoja wa msingi: je, litarudi, au litauzwa ng'ambo bila ushuru? Ndiyo maana huombwa kadi halisi ya gari, na kama gari si la dereva, barua ya mwenyewe, ndipo kitolewe kibali cha muda. Bima nayo ina mipaka yake. Ile ya nyumbani haimlindi mtu utakayemgonga Nakuru au Mbarara. Huko inatakiwa Kadi ya Njano ya COMESA, utaratibu ambao Tanzania imebaki nao ingawa ilijitoa kwenye soko hilo la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika mwaka 2000. Mambo haya hukamilishwa mjini, kwa utulivu, siku kadhaa kabla ya safari.

Asubuhi ya kuondoka, mama wa yule mtoto wa jirani, mwenye genge la mboga, alifika na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili yenye muhuri wa wakili, nakala za vitambulisho vyao vya NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati yake ya dharura ya safari na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aliikabidhi kwa Mama Mkubwa kwa mikono miwili, akaomba wahesabu karatasi pamoja. Gari lilipopiga kona walicheka sana. Huyu mama anadhani tunampeleka mwanawe Ulaya?

Kituo cha pamoja cha Namanga kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Siku hizi anayekwenda Kenya haingii majengo mawili. Anaupita upande wa Tanzania bila kushuka, kisha muhuri wa kutoka na wa kuingia anagongewa chini ya paa moja upande wa pili. Ni jambo jema, ila lina ukali wake: madirisha yote yako ukumbi mmoja, na kila linalosemwa kwenye moja linasikika foleni nzima.

Ofisa wa uhamiaji alianza na watoto. “Huyu ni wa nani?” Bahasha ya kaki ikafunguliwa, barua ikasomwa, muhuri ukagongwa. Mtoto wa jirani ndiye abiria pekee siku ile ambaye hakuulizwa swali la pili.

Kijana wa Uingereza alikuwa wa mwisho, na kila mtu aliyekuja nyuma yake alimpisha. Mama Mkubwa akarudi kumvuta mkono. Hapo ndipo alipoiona pasipoti: bluu nzito iliyokaribia weusi, tofauti na ile bluu ya mbingu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aliyoishika yeye.

“Hii ya nani?”

“Yangu, Mama Mkubwa.”

“Na ya kwetu?”

Hakujibu, na hakukuwa na la kujibu. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ukiuchukua wa kwingine kwa hiari yako, wa nyumbani umeuacha. Kijana aliuchukua kwa ajili ya kazi, akakaa kimya kwa ajili ya kihamba, shamba la ukoo. Baba yake alimwachia migomba na kahawa kule mlimani, na asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kwa namna ile. Hakutaka ndugu za baba yake waanze kupima mipaka angali hai. Namwelewa. Lakini siri iliyofichwa kwa ndugu hao ilifichwa pia kwa waliompangia safari. Laiti wangejua, wangemwambia kwamba Kenya iliacha viza Januari 2024 ikaweka kibali cha kielektroniki kinachoitwa eTA, ambacho huombwa mtandaoni kabla mtu hajaondoka kwake. Raia wa Jumuiya hawakihitaji. Mwingereza anakihitaji. Akaombea palepale kwenye simu, akaambiwa asubiri hadi siku tatu.

Wakati huo Shemeji alikuwa dirisha la forodha. Ofisa akamwomba kadi ya njano. Shemeji akapumua. “Hiyo tunayo!” Akazunguka haraka akikusanya kadi za chanjo za watu wote, akazipanga tisa juu ya kaunta kama karata. Ofisa akazitazama.

“Ya gari, mzee. Gari halichanjwi.”

Watu wa foleni walicheka, Shemeji naye akacheka, na laiti ingeishia hapo lingekuwa jambo la kusimulia harusini. Bima ingeweza kutafutwa. Kilichofuata ndicho kilichoivunja safari.

“Kadi halisi ya gari?”

“Hiyo hapo.”

“Hii ni nakala.”

“Halisi iko nyumbani.”

Mkewe alikuwa hatua moja nyuma yake, ameshika chupa ya chai. Akataka kusaidia. “Nimpigie dada wa kazi afungue kabati? Aiweke kwenye basi, kesho tunayo.” Shemeji hakugeuka. “Haiko kabatini,” alisema, kwa sauti ambayo ofisa alilazimika kuinama kuisikia. Ofisa, ambaye bila shaka ameshawaona wengi, akamuuliza taratibu kama iko kwa waliomkopesha. Akaitikia kwa kichwa.

Mkopo ule ulikuwa wa duka la vipuri. Duka lilikuwa limeyumba, gari lilikuwa dhamana, na mke wake alilijua hilo siku ile, Namanga, mbele ya mama yake mzazi. Mke wa rafiki alikuwa akisoma tangazo la ukutani kwa makini mno.

Mimi simlaumu Shemeji kwa kukopa. Magari mangapi tunayoyapungia mkono barabarani yana kadi zilizolala kwenye kabati la mkopeshaji! Wala kukopa hakuzuii safari: mwenye deni huenda kwa mkopeshaji, akaomba barua inayotambua dhamana na kuruhusu gari livuke kwa muda maalumu, akaambatanisha kadi. Ninaowalaumu ni waliomnyamazisha yule mwanamke kwenye kundi. Walidhani wanamheshimu Shemeji. Wangemwacha aulize, Shemeji angepata njia ya kumjibu pembeni, kwa siri, na siku za kutosha kuitafuta hiyo barua. Walimnyima nafasi hiyo, wakamwachia ofisa amuulize.

Hiace ikageuzwa kurudi Arusha, kilomita mia na ushee, Shemeji akiendesha na mkewe akiwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Kijana akatafuta gesti. Kibali chake kilitoka kesho yake, lakini hakukitumia; alirudi Moshi kuwatafuta wazee wa ukoo kabla habari haijafika kwao kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika wiki ile.

Waliobaki walipanda basi la Nairobi, na kutoka hapo la Kampala. Malaba wakampoteza rafiki mwenyewe. Aliandika kwenye kundi kwamba alichanjwa zamani, kumbe alichanjwa siku nne kabla ya safari. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika baada ya siku 10, na kikishaanza hudumu maisha. Hakutaka kuonekana anawachelewesha wenzake. Akarudi Nairobi peke yake na begi lenye miswaki ya familia nzima.

Kampala hawakuwa na mengi ya kusimulia zaidi ya foleni za magari na rolex za barabarani, yaani chapati zilizoviringwa na mayai, ambazo watoto walizipenda kuliko chakula chochote. Gatuna walifika asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo kuanzia saa mbili hadi saa tano Rwanda nzima iko kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na magari husimama. Wakasubiri na abiria wenzao. Heri hata hivyo walikuwa ndani ya basi. Rwanda magari hupita kulia, na kwenye kundi lile la WhatsApp hakuna aliyewahi kuuliza nani kati yao ameshawahi kuendesha upande huo.

Kigali waliingia watano: Mama Mkubwa, mke wa rafiki na watoto watatu. Walirudi kwa basi kupitia Rusumo.

Hesabu mpaka leo haijafungwa. Shemeji anataka mafuta ya kwenda na kurudi Namanga yahesabiwe kuwa mchango wake. Rafiki anadai arudishiwe nusu, maana nchi alizoziona ni nusu. Binti wa Mama Mkubwa alijitoa kwenye kundi, akarudishwa, akajitoa tena. Juzi Mama Mkubwa alitangaza safari ya Desemba kwenda Mombasa, na akamwomba mke wa rafiki aisimamie. Amekubali kwa sharti moja: karatasi za kila atakayekwenda, na za kila gari litakalokwenda, ambazo amezitaja moja baada ya nyingine, zipigwe picha zitumwe kwake binafsi kabla ya mtu yeyote kutoa senti. Waliotuma mpaka sasa ni wawili. Shemeji bado, ila safari hii alimpigia simu mwenyewe, usiku, wakaongea karibu saa nzima.