Fundi wa Injini Kuukuu

Kutojua kazi si aibu, maana hapana mtu ajuaye kazi zote. Walakini huleta swali gumu: mtu asiyejua ufundi atamtambuaje fundi wa kweli? Akiwa na ujuzi wa kumpima, hamhitaji sana. Akiwa hana, atampima kwa nini?

Chukua mfano wa mwenye gari kuukuu la mashindano. Mbio za Safari za Afrika Mashariki zilianza mwaka 1953, na miongoni mwa magari yaliyojipatia sifa humo ni Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari kwa ajili ya magari ya zamani, na gari hilo limo. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ikichakaa, mwenyewe hana budi kuikabidhi kwa karakana, ifumuliwe, ipimwe, ichongwe, kisha iunganishwe upya.

Hapo ndipo penye taabu. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda huachwa nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele. Ikizidi, injini hula oili na kupoteza nguvu. Ikipungua, pistoni hutanuka kwa joto na kushikamana na silinda. Kazi hiyo ikiisha hufunikwa kwa chuma na kukazwa kwa boliti. Meza mbovu huonekana ubovu wake, lakini injini mbovu huweza kung'aa kwa rangi mpya, ikanguruma vizuri siku ya kukabidhiwa, ikafa porini. Shahidi wa kazi ile ni fundi peke yake.

Watu husema, tafuta karakana yenye jina. Jina lina faida yake, ila huenda lilipatikana kwa malori ya dizeli. Mimi ningeuliza kwanza kama mafundi wale wamepata kufumua injini za namna ile ile. Je, hutaja bei kabla ya kufungua? Huandika vipimo? Humrudishia mwenyewe vipuri vilivyotolewa? Na liko jambo wanalokiri kwamba hawaliwezi, wakalipeleka kwa mwingine mwenye mashine bora? Swali hili la mwisho nalithamini kuliko yote.

Lakini lawama isiwaelemee mafundi pekee. Kwetu Kisegi, kando ya Ziwa Victoria, mbio za magari ni habari za redioni; injini tuzijuazo sana ni za mashua, na swali ni lile lile. Baba yangu mdogo alikuwa na injini ya mashua iliyochoka. Fundi wa kwanza aliifungua, akapima, akasema silinda imeliwa upande mmoja, yataka kuchongwa mjini. Siku wala gharama hakuahidi. Baba mdogo akaudhika, kwa kuwa omena walikuwa wengi na kila usiku ulikuwa fedha. Akamwendea wa pili, akamtajia bei aliyopenda kulipa na siku aliyoitaka injini. Huyo akakubali yote mawili, akatia ringi mpya katika silinda ile ile mbovu. Usiku wa tatu injini ilishikamana katikati ya ziwa, upepo umeinuka, na watu wanne wakapiga makasia hadi alfajiri.

Kijiji kizima kilimlaani fundi wa pili, nami nilikuwamo. Sasa nafikiri tofauti kidogo. Alidanganya, ni kweli; lakini uongo ule uliagizwa, bei yake na siku yake, kama mtu aagizavyo shati kwa mshonaji. Msema kweli alikuwa amekwisha kuachwa kwa sababu ya ukweli wake. Mwenye gari la mashindano hujaribiwa vivyo hivyo: tarehe ya mbio imetangazwa, na karakana isemayo "hatuwezi kuahidi" huonekana ya wavivu.

Baba mdogo alirudi kwa fundi wa kwanza, akaishusha injini bila maneno mengi. Fundi akaigeuza, akaitazama, akachukua chombo chake cha kupimia.

"Itakuwa tayari lini?"

"Bado sijui, mzee."

Baba mdogo akaketi juu ya gogo, akangoja apime.