Amana ya Shule Wakati wa Waba

Kila yanapoingia maradhi ya kuambukiza, watu wa dini hurejea kwenye swali moja la zamani: ikiwa ajali ya kila nafsi imekwisha kadiriwa, kuna faida gani ya kufunga milango, na je, mzazi anayemzuilia mwanawe asiende shuleni kwa khofu ya ugonjwa haitii imani yake doa? Swali hili si la wajinga, kwa maana aliulizwa Khalifa Umar bin Khattab na mtu aliyekuwa miongoni mwa wabora wa zama zake. Umar alikuwa safarini kwenda Sham, karibu na mwaka wa 18 wa Hijra, akapata habari kuwa tauni imeingia huko. Baada ya kushauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, akaazimia kurudi Madina. Abu Ubaida bin Jarrah, amiri wa jeshi la Sham, akamwuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari moja na kuiendea nyingine, na zote mbili ni za Mungu. Jawabu hilo hutajwa sana mimbarini. Sehemu ya pili ya kisa, ambayo hutajwa kwa nadra, ndiyo inayonishughulisha zaidi: Abu Ubaida alirejea kwa askari wake, na Umar alipomwandikia baadaye kumwita atoke katika nchi ile, aliomba radhi asiwaache watu waliokuwa katika dhima yake, akafa kwa tauni pamoja nao.

Jamii ya shule ya sekondari inawahitaji wote wawili, yule anayezuia watu wasikusanyike na yule anayebaki na watu wake baada ya kuzuiwa. Na kwa rai yangu, sisi wa Kongo mwaka 2020 tulimpata wa kwanza kwa amri, wa pili tukamwachia bahati.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na siku nane baadaye Rais Félix Tshisekedi akaamuru shule, makanisa na misikiti ifungwe. Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 Agosti ili wanafunzi wapate kufanya mitihani yao, mwaka mpya wa masomo ukaanza tarehe 12 Oktoba, ukakatizwa tena mwezi wa Disemba hadi 22 Februari 2021. Amri hiyo siilaumu. Ugonjwa unaopita katika pumzi hauwezi kuruhusiwa kuingia katika chumba ambamo wanafunzi wanne hubanana kwenye benchi moja, katika nchi ambayo hospitali zake nyingi hazina oksijeni, na ambako mtoto hurudi jioni kulala chumba kimoja na bibi yake.

Lakini amri ilikuwa moja kwa nchi nzima, na Salamabila si Kinshasa. Salamabila ni mji wa dhahabu, jirani na mgodi wa Namoya, ambako kampuni ya Banro ilisimamisha kazi mwaka 2019. Na katika Kabambare, wilaya yake, wanamgambo waitwao Malaika wamewahangaisha raia kwa miaka mingi. Shule inapofungwa mahali kama hapo, kijana wa miaka kumi na mitano hachukui daftari akakaa barazani kusikiliza masomo ya redio. Huchukua karai na sepeto akaenda mashimoni, na akishaishika fedha yake mwenyewe, kumrudisha darasani ni kazi nzito. Msichana naye huposwa. Maulamaa, na al-Ghazali mmoja wao, walitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Anayemtoa kijana darasani kwa ajili ya kuihifadhi nafsi yake, kisha asiulize amekwenda wapi, ameiacha akili yake ipotee, na ile nafsi yenyewe ameipeleka chini ya udongo unaoporomoka masika.

Wala hatukukosa mfano karibu nasi. Ebola iliyoshika Kivu Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, na ilikuwa kali kuliko korona kwa kila mmoja iliyempata. Hata hivyo shule nyingi za huko ziliendelea kufundisha, wanafunzi wakipimwa joto na kunawa mikono langoni. Ni kweli kwamba ebola huambukiza mtu akiwa amekwisha kuugua, na kipimo cha langoni chaweza kumnasa, hali korona hutoka katika pumzi ya mtu anayejiona mzima. Tahadhari basi hufuata tabia ya maradhi, na tabia ya mahali pia.

Hata ndoo ya langoni ina hukumu yake. Itazameni: ndoo yenye bomba, juu ya kigoda, kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba. Maji yake hutoka wapi? Aghalabu huchotwa mtoni na wasichana, ambao huingia darasani somo la kwanza likiwa limekwisha. Shule iliyowakinga wote kwa kuwanyima baadhi yao masomo haijafanya insafu, na prefe, yaani mkuu wa shule, mwenye kuwajali wanafunzi wake huwapangia wavulana zamu hiyo pia.

Tena kuna mwalimu. Shule za msingi za Serikali zilifanywa bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari hutegemea michango ya wazazi, na mwalimu asiyemo katika orodha ya mishahara ya Serikali hula kwa michango hiyo tu. Siku lango linapofungwa, chungu chake nacho huteremshwa mekoni. Naye akienda mashimoni, nani atamrudisha mwanafunzi? Kumlisha mwalimu wakati huo ni fardhi kifaya, wakiitimiza wachache wameondoka dhambini wote, na wakiiacha wote, dhambi ni ya mji mzima.

Mwaka 2024 ilienea homa ya nyani ya aina mpya, iliyotambuliwa Kamituga, mji mwingine wa dhahabu katika Kivu Kusini, na Septemba ya mwaka huo shule zilifunguliwa kama kawaida. Kamati za wazazi za Salamabila, Waislamu na Wakristo, zina muda wa kukubaliana kabla lango halijafungwa tena: kila nyumba itoe kiasi gani cha muhogo na mchele kwa walimu, nani atazunguka machimboni na daftari la mahudhurio kuwaita wanafunzi kwa majina, na ni nyumba zipi zenye ua mpana wa kuketi wanafunzi watano watano, mbali mbali, mwalimu akipita kwa zamu.