Ushahidi wa Haki Hauchagui Mtu

Ndugu zetu Waislamu,

Husemwa katika baraza zetu kwamba yaliyowapata Mayahudi katika vita vya 1939–1945 hayatuhusu, na wako wanaothubutu hata kuyakanusha. Twauliza: je, yafaa Muislamu kuukataa ushahidi wa kweli kwa sababu ya dini ya shahidi?

Mmoja wa mashahidi hao ni Herschel Schacter, mwanachuoni wa Kiyahudi katika jeshi la Marekani. Tarehe 11 Aprili 1945, siku ilipokombolewa kambi ya Buchenwald karibu na mji wa Weimar, Ujerumani, aliingia humo. Walikutwa wafungwa wapatao 21,000 walio hai, na maiti zimerundikwa kama kuni. Alikwenda banda kwa banda akiwatolea watu wake salamu ya amani, ambayo ni ndugu ya salamu yetu, na kuwapasha habari kuwa wako huru. Nyuma ya rundo la maiti alimwona mtoto wa miaka 7, Yisrael Meir Lau, amejificha kwa hofu ya mwenye sare. Akamkumbatia huku akilia na kucheka, akamwuliza umri wake. Mtoto akajibu kuwa yeye ndiye mkubwa, kwani mtu mzima huyu bado aliweza kulia na kucheka kama mtoto, na yeye vyote viwili vilikwisha kumtoka.

Baada ya siku chache Wamarekani waliwaamrisha wakaazi wa Weimar waende wakaitazame kambi. Wengi wao walidai kuwa hawakujua. Na kambi ilikuwa hapo tangu 1937!

Mtume wetu (S.A.W.) alilisimamia jeneza lililopita. Alipoambiwa kuwa ni la Yahudi, aliuliza kama hiyo nayo si nafsi. Na katika Suratul Maida tumeamrishwa kwamba chuki ya watu isitutoe katika uadilifu.

Twajua kinachowafunga wengi vinywa: ni uchungu wa Palestina, nao ni uchungu wetu pia. Lakini kuikiri dhuluma ya Buchenwald hakumpunguzii Mpalestina haki yake hata chembe. Bali mwenye kukanusha dhuluma moja huivunja mizani ambayo kesho ataitaka aipimie nyingine. Atakaposimama kudai haki ya nduguye, ni nani atakayemsadiki?

Basi yatupasa tusiwe kama watu wa Weimar. Wabillahi taufiq.