Kome wa Chuma na Kauri ya Shingoni

 

Ndugu zetu Waislamu, mpaka leo twaona watoto wa mji wetu wamefungwa kauri shingoni, ati ziwakinge na kijicho na homa. Hivi karibuni tuliletewa mtoto tumsomee, mwili wake wawaka moto, na kauri tatu ziko shingoni. Tukauliza: Ameonwa na daktari? Tukajibiwa: Bado, twangojea kauri zifanye kazi. Siku nne zimekwisha kupita! Tulimsomea, kisha tukahimiza apelekwe hospitali saa ile ile.

Walipokwenda zao tulikumbuka khabari ya kome mmoja wa bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 2001 wataalamu walimkuta kusini-mashariki ya Mauritius, chini kiasi cha mita 2,400, mahali pasipofika jua, penye chemchemi za maji ya moto. Gamba lake lina tabaka tatu: ndani chokaa, katikati tabaka nene laini, na nje chuma kilichoungana na salfa. Hata mguu wake umevishwa vigamba mfano wa deraya.

Lau gamba lingelinda kwa uwezo wake, hili ndilo lingestahiki kusifiwa. Lakini tazameni: wako wenziwe wa jinsi hiyo hiyo wakaao kwenye chemchemi nyingine ambayo maji yake yana chuma kidogo, nao ni weupe, hawana chuma gambani. Basi hata chuma kile si chake. Amepewa katika maji na Aliyeyaumba maji. Na mwaka 2019 aliandikwa miongoni mwa viumbe walio katika khatari ya kutoweka, kwa kuwa wanaadamu wanataka kuchimba madini pale akaapo.

Ikiwa gamba la chuma halimtoshi mwenyewe aliye hai ndani yake, kauri tupu ambayo mwenyewe amekwisha kufa itamlindaje mwana wako?

Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kutungika hirizi, na ametuamrisha kujitibu. Basi enyi mama na baba, ukateni uzi huo leo. Mtoto akiugua, mpelekeni kwa daktari, msomeeni Kul-Audhu mbili, na mumtegemee Mola aliyemruzuku kome yule gizani kabla mwanaadamu yeyote hajamjua.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.